Usiwajibu kabla sijafika

Makambako, 12 Julai

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi inatutafuna. Asubuhi nafungua duka langu la pembejeo na blanketi mabegani. Watoto wazima. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini kula makande yake.

Ninakuandikia kwa sababu ya maneno ya Mama Eliya. Ameniambia umeitwa Wizara ya Kilimo kule Dodoma na unataka kukataa, eti siasa zitakuharibia jina na utafiti wako utalala. Siku mbili sijapata usingizi. Rehema, tafadhali nisikilize kwanza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia habari za Akinwumi Adesina tukichambua maharage pale kwa mama? Wewe ndiye uliyeniambia kwamba yule Mnigeria ni mchumi wa kilimo kama wewe, mtoto wa familia iliyofanya vibarua mashambani, akasoma Chuo Kikuu cha Ife kwao, kisha Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1988. Miaka mingi alikuwa mtu wa utafiti. Mwaka 2011 Rais Goodluck Jonathan akamwita awe waziri wa kilimo. Angeweza naye kusema ana kazi yake. Alikwenda.

Alichokikuta unakijua. Serikali ilikuwa inanunua mbolea yenyewe na kuigawa, na kwa hesabu aliyoitoa yeye, katika wakulima 100 ni 11 tu walioipata. Akaitoa serikali kwenye manunuzi. Mkulima akasajiliwa kwa namba ya simu, ujumbe ukamfikia mwenyewe, akaenda kwa wakala wa jirani na kuchukua mifuko yake kwa nusu bei. Nusu bei ni kitu kikubwa, lakini kinachonigusa mimi ni hilo la kumfikia mwenyewe.

Maana nakumbuka vocha zetu za ruzuku ya pembejeo zilizoanza 2008. Bibi alitia dole gumba kwenye vocha ya mbolea ya kupandia, akarudi nyumbani na elfu chache alizozifunga kwenye pindo la kanga. Mfuko hakuuona. Wakala aliyempa zile hela aliubakiza stoo, akauuza bei kamili. Mahindi yetu mwaka ule yalikuwa njano tangu yakiwa usawa wa magoti. Nilipofungua duka niliapa kwamba sitamfanyia mtu hivyo, lakini kiapo changu kinaishia mlangoni pangu. Wewe ukiwa Dodoma…

Sikufichi, mambo ya Adesina nayo yalikuwa na kasoro. Wapo waliokuwa mbali na mtandao, ujumbe ukawapita. Na mimi kama wakala linaniuma hili: wenzangu wa Nigeria waliotoa pembejeo mwaka 2014 walibaki wakiidai serikali, yeye alishaondoka mwaka 2015 kwenda kuongoza Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mtu ametoa mzigo aliokopa, anawatazama watoto wake, na fedha haziji. Ndiyo maana namtaka mtu kama wewe, anayejua hesabu ya mkulima na deni la mwenye duka pia. Na hilo la jina, mbona la Adesina halikuharibika? Mwaka 2017 walimpa Tuzo ya Chakula Duniani, dola 250,000, naye akazielekeza kwa vijana wa kilimo.

Narudi kwenye mkulima mwenyewe. Desemba alikuja yule mzee uliyelala kwao ulipokuwa unakusanya takwimu. Namba yake ya usajili wa mbolea ya ruzuku aliiandika kwa makaa kwenye kipande cha boksi, amekishika kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imefutika kwa jasho. Nilijaribu kuiingiza mara tatu, ikakataa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nilimkopesha mfuko mmoja, akaondoka bila kusema kitu. Wanaokaa mezani kutunga ile mifumo, ni nani kati yao aliyewahi kulala kwa mzee yule?

Wamekupa siku ngapi za kujibu? Ni upande wa pembejeo au wa mipango? Baba Neema anasemaje? Chuo kitakushikia nafasi yako ukitaka kurudi? Na Neema je, atahamia Dodoma au abaki amalize darasa la saba hapo Morogoro? Kuna lingine unaloogopa ambalo Mama Eliya halijui?

Tarehe 24 nakuja Morogoro kuchukua mzigo, nitalala kwako. Nakuletea maharage na parachichi. Usiwajibu kabla sijafika.

Wako akupendaye,
Tabia