Barua ya kufunga muhula: zile insha za Kidato cha Tatu

Wazazi wetu hamjambo. Watoto wanafunga kesho saa nne, tarehe ya kufungua na salio la karo viko kwa ripoti fomu, hayo sitayarudia.

Nataka tuongee insha, maana nimepigiwa simu na wazazi wanne na swali ni lile lile: mtoto amepata 15 kwa 20 kwa insha ya kisa halafu 8 kwa ya hoja, karatasi moja, siku moja, imekuwaje? Nikazichukua nikakaa nazo jioni mbili (mimi nilikuwa wa Kiswahili kabla niwe wa ofisi). Msichana mmoja kwa kisa ameandika "Akatoka, akafunga mlango, akasikiliza. Kimya." Sentensi fupi fupi, kile kiambishi -ka- cha tendo kufuata tendo kinavuta -ka- nyingine, na wewe msomaji roho inadunda. Huyo huyo kuhusu simu shuleni: "Ingawa simu ambazo wanafunzi huja nazo zinaweza kuwasaidia lakini wale ambao wazazi wao ambao..." akapotelea hapo, mistari sita na hakuna nukta. Si ati Kiswahili chake kimeharibika alipogeuza ukurasa. Kisa kinafuata matukio, hilo amelizoea tangu hadithi za nyanya yake, lakini hoja inamtaka abebe sababu, masharti na pingamizi kwa wakati mmoja, ndio hizo iwapo na ilhali na licha ya zinaingia, na mzigo mpya lazima uyumbishe. Mimi ile mistari sita niliipenda, nusura niongeze maksi, mwalimu wake akakataa, na alikuwa sawa.

Wanaonitia wasiwasi ni wanaokremu, yaani wanaokariri insha za vitabuni na kuzimwaga popote. Kuna kijana ameanza kumbukumbu za mkutano na jua likichomoza mashariki, ajenda ya kwanza haijafika ndege wanaimba! Na KCSE, ule mtihani wa taifa wa kumaliza Kidato cha Nne, swali la kwanza la karatasi ya insha ni la lazima, huwa ni hizo hizo za kumbukumbu, ripoti, barua, hotuba, ambapo "ilikubaliwa kuwa" inatosha kabisa.

Kwa hivyo likizo hii msinunue vile vitabu vya insha za kukremu. Akitaka kitu muulize kwa nini, akijibu mpinge kidogo, mwache naye akupinge kwa adabu, kisha ayaandike aliyosema, ukurasa mmoja tu. Alete siku ya kufungua, nitazisoma mwenyewe. Na wa bweni wasisahau neti.

Mwalimu Mkuu