Kwa Vijana Mnaohitimu Mgambo: Buti Hamkupewa Kumwaga Chakula cha Mtu

Wanangu,

Marahaba. Nawaandikia ninyi mnaomaliza mafunzo ya Jeshi la Akiba, yaani mgambo, mwaka huu, pamoja na kaka na dada zenu waliotangulia, ambao sasa wako kazini kwenye halmashauri, masoko na stendi zetu. Nawaandikia nikiwa na hasira na sitaificha. Mtu mzima akinyamazia jambo la aibu, naye amelishiriki.

Hivi karibuni nilikuwa stendi ya mabasi ya mji ambao sitautaja. Mama mmoja anakaanga vitumbua pembeni ya njia, kikaango juu ya jiko la mkaa, ndoo ya unga uliochachuliwa imefunikwa kwa kitambaa. Gari la halmashauri likasimama. Vijana wakashuka na virungu, na mmoja wao namfahamu, kwa sababu nilikuwapo uwanjani siku anahitimu, na nilimpigia makofi alipopita mbele ya jukwaa kuu kwa mwendo wa pole. Hakumwambia yule mama ahame. Hakumuuliza kama ana kitambulisho cha mjasiriamali. Alisukuma jiko kwa buti. Mafuta ya moto yakatapakaa, mama akaruka huku kanga inatoa moshi pindoni, na ule unga wote ukamwagwa mtaroni. Watu wakaanza kupiga kelele, "Mgambo! Mgambo!", kwa sauti ile ile wanayompigia mwizi.

Nami ni mgambo. Nilifundishwa kijijini kwetu Usukumani, kwa bunduki za mti, na baadaye nikavaa sare na kupelekwa Kagera, kwenye vita vya kumpiga Idi Amin wa Uganda. Kwa hiyo kelele ile ilinichoma.

Najua mtaniambia kwamba askari wa halmashauri ni kitu kimoja na Jeshi la Akiba ni kitu kingine. Kweli, kwenye makaratasi. Lakini mafunzo ni yale yale, wakufunzi ni wale wale wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na mwananchi anayemwagiwa mafuta hana muda wa kukuuliza mwajiri wako ni nani. Anaona sare na buti, basi. Kwa hiyo kaeni niwaeleze buti hilo lilitoka wapi, maana naona mnafundishwa kwata vizuri sana na historia kidogo mno.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale kambi ya Colito, ambayo leo ndiyo Lugalo. Walidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali changa ikatikisika, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, mkoloni tuliyemuaga miaka miwili tu nyuma. Ile ilikuwa fedheha. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ, likiwa na vijana wa TANU, chama kilichotawala, na wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Toka hapo viongozi wetu wakashika jambo moja: ulinzi wa nchi usiachwe mikononi mwa kikundi cha watu wenye bunduki wasio na mizizi kwa wananchi.

Kisha Novemba 1970 Wareno wakaivamia Guinea, na Januari 1971 Idi Amin akampindua Rais Obote wa Uganda. Mwezi uliofuata TANU, ikiziona hatari hizo, ikatoa Mwongozo, ukasema wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi, vijijini, viwandani na maofisini. Huo ndio mwanzo wa mgambo tuliyemjua sisi. Mwalimu wa shule, karani, mkulima wa pamba, mama wa nyumbani, wote jioni uwanjani, kushoto kulia. Na Mwongozo huo huo ulikemea viongozi wenye majivuno, wanaodharau na kuonea watu. Mambo hayo mawili yaliwekwa kwenye karatasi moja kwa makusudi. Mwananchi anapewa silaha, na anayemwonea mwananchi anakemewa.

Sasa njooni Kagera.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia nchini, yakakalia eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, yakaua watu, yakaswaga ng'ombe, yakapora hadi kiwanda cha sukari, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akatuambia kuwa sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Uwezo wenyewe, wanangu, ulitoka wapi? Jeshi lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Katika wiki chache likapanda likapita 150,000, pamoja na polisi, magereza, JKT, na wanamgambo wapatao 40,000. Mabasi na malori yalikusanywa nchi nzima kutubeba. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara zimekuwa tope jeusi, na sehemu kubwa ya safari ile, hadi kule Uganda, askari wa miguu waliimaliza kwa miguu.

Nataka niwasimulie Lukaya, kwa sababu hamsimuliwi.

Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa wanamgambo, wengi hawajawahi kusikia risasi ya adui, iliwekwa Lukaya, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala. Barabara ile inapita katikati ya kinamasi. Tarehe 10 Libya, iliyokuwa imemletea Amin askari na zana, ikaanza kurusha makombora ya Katyusha. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao yakaangukia mbali, lakini mlio peke yake ulitosha. Watu walivunja safu, wakakimbilia kinamasini. Wenzangu wa kijijini kwetu waliokuwamo walinieleza: maji ya kifuani, mafunjo yanakata uso, bunduki umeinyanyua juu, hujui aliye kulia kwako ni mwenzako au adui. Walikimbia. Sioni haya kulisema, na ninyi msione haya kulisikia. Ni wakulima waliotoka shambani miezi minne tu kabla.

Usiku ule wakakusanywa, wakahesabiwa, wakapangwa upya. Brigedi ya 208 ikarudishwa kwa mwendo wa haraka kuja kumpiga adui kwa nyuma. Na alfajiri ya tarehe 11, wale wale waliokimbia jana wakasimama wakaenda mbele, wakashambulia uso kwa uso. Walibya wapatao 200 walikufa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka.

Nimeyakalisha haya moyoni kwa zaidi ya miaka arobaini. Kijana wa Lukaya aliogopa, halafu akarudi. Alirudi kwa sababu alijua anayemtetea: kuna mama kule Kyaka nyumba yake imechomwa, ng'ombe wake wameswagwa. Yule aliyemwaga unga pale stendi hakuwa na adui mbele yake, hakuwa na kombora juu ya kichwa, na bado alitumia nguvu yake yote juu ya mwanamke aliyechuchumaa mbele ya jiko. Huo si ushujaa wa aina yoyote, wanangu. Hata ukali si ukali. Ni woga uliopata mtu dhaifu wa kumtolea.

Na sitawadanganya kwamba sisi tulikuwa malaika. Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, ilipotekwa Januari 1979, kulipiza kisasi cha Kagera, raia waliuawa na mji ukasawazishwa. Mwalimu alipopata habari alichukizwa sana, akaagiza raia na mali zao wasiguswe. Agizo halikushikwa na kila mtu kila mahali. Masaka nayo iliharibiwa vibaya. Lakini tazameni alichofanya Amiri Jeshi Mkuu katikati ya vita, wakati damu ya watu wetu haijakauka. Alisema raia wa adui asiguswe. Ikiwa raia wa Uganda alistahili agizo hilo mwaka 1979, vipi mama wa Kitanzania, mlipa ushuru, jirani yenu, asistahili leo? Watu wa Kampala walitoka barabarani kuwashangilia askari wetu. Ninyi mnaingia sokoni kwenu wenyewe, kwa shangazi zenu, watu wanafungasha na kukimbia.

Historia ina mengine ya aibu. Miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa kuhamishia watu vijijini, mgambo walitumika kuwatoa watu majumbani mwao kwa nguvu, na wazee wengi hawajasahau hadi leo. Kila mgambo alipogeuzwa kuwa fimbo ya kiongozi dhidi ya wananchi, aliyebaki na chuki ya watu ni mgambo, na kiongozi alihamishwa wilaya. Likumbukeni hilo siku mtakapoambiwa pandeni garini. Na baada ya vita, silaha zilipozagaa na wezi wa ng'ombe wakatuzidi huku Usukumani na Unyamwezini, wananchi walianzisha Sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijijini, wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa nini hawakungoja mgambo? Jijibuni.

Sasa sheria, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu mnapaswa kuwa nayo kwenye madaftari. Katiba, ibara ya 28, inasema kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa Taifa. Hapo ndipo msingi wenu ulipo. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kumtweza na kumdhalilisha. Mgambo aliye kazini amepewa na sheria mamlaka ya kukamata. Kukamata. Hajapewa kuhukumu, wala kupiga, wala kugawana nyanya za mtu nyuma ya ofisi ya kata. Amri ya kuvunja sheria ukiitii, mahakamani utasimama wewe.

Mengine ni haya. Pombe na silaha visikae nyumba moja. Kirungu ni cha kujikinga. Ukiitwa kulinda mitihani au kituo cha kupigia kura, siasa yako iache nyumbani. Mwenye kosa akikutii, mwongeleshe kama mtu. Ninyi mabinti, msikubali kufanywa wapishi wa kombania; mmepiga kwata ileile. Mjifunze huduma ya kwanza mpaka ikae mikononi, kwa kuwa mafuriko, moto na ajali vitawaita mara nyingi kuliko vita.

Lakini nitawaonea nikiwasema ninyi peke yenu.

Nawajua. Wengi mmekwenda mafunzoni kwa sababu tangazo la kampuni ya ulinzi linataka cheti cha mgambo. Mmeamka alfajiri kwa miezi kadhaa, uji mmekunywa kwa mama zenu, na nimeona baadhi yenu mkijinunulia sare kwa kuuza kuku. Siku ya kuhitimu mgeni rasmi anatoa hotuba, anawaita jeshi imara, anaahidi ajira, anapanda gari. Mgambo kwa kuwa mgambo hana mshahara. Halafu halmashauri inawachukua kwa posho ya siku, inawapa kirungu na lengo la makusanyo. Mtu mwenye njaa ukamwambia utakula kutokana na utakachokamata, umekwisha kumfundisha uporaji. Nyie wakurugenzi, nyie madiwani, hilo mnalijua na mnalipitisha kwenye vikao. Mnataka mji safi bila kumtengea mama lishe mahali penye wateja, mnamtuma mtoto wa maskini akampige maskini, na picha zikisambaa mnasema ni utovu wa nidhamu wa mgambo mmoja. Walipeni vijana hawa. Wapeni utaratibu ulioandikwa: onyo kwanza, risiti ya kila kitu kinachochukuliwa, na ofisa mwenye jina anayesimama mbele yao na kuwajibika.

Na sisi wananchi tumewakebehi. Kijana akisema yuko mgambo anachekwa kama aliyekosa la kufanya. Sisi tulipoondoka kijijini kwenda Kagera watu walituletea maji na mihogo barabarani, wazee wakatushika vichwa na kutuombea. Tuliondoka tukijua tumebeba watu. Kijana anayechekwa na kila mtu, siku akipata kirungu atatafuta heshima kwa njia anayoijua. Mwacheni apate heshima kwa njia nyingine.

Wanangu, nawapenda. Kuna siku nchi hii inaweza kuwaita tena kama ilivyotuita sisi, na siku hiyo mtahitaji mwanakijiji awaonyeshe njia ya panya, awape maji, awafiche, awaambie adui kapita wapi. Hapo ndipo mgambo anapozidi jeshi la kawaida: yeye ni mwenyeji. Mkishagombana na wenyeji, hamna kazi tena. Kila kitumbua mnachokanyaga leo mnapunguza mtu mmoja katika jeshi lenu la kesho.

Kwa washauri wa mgambo wa wilaya nina ombi moja. Kwenye ratiba yenu ya mafunzo, kati ya usomaji wa ramani na ujanja wa porini, tupeni kipindi sisi wazee tuliokwenda Kagera. Bado tupo katika kata nyingi, ingawa tunapungua kila mwaka. Wenzetu wengine wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Hatutaki posho wala kiti cha mbele. Tuiteni kabla ya Julai 25 ya kila mwaka, Siku ya Mashujaa, tukae na vijana hawa chini ya mwembe, watuulize wanachotaka, hata ya Lukaya na hata ya Mutukula. Nauli tutajitegemea.

Ni mimi babu yenu,
Mgambo wa zamani, Usukumani