Kwa nini jina la meli tunaliacha mwisho

Kazi yetu ni kuwatafutia watu asili ya mababu zao waliohamia Marekani, na malalamiko ni yale yale. "Nimewalipa mnitafutie meli, mmeniletea cheti cha ndoa!" Safari hii ni dada mmoja wa Mombasa aliyeolewa huku Massachusetts, anataka wanawe wajue mababu wa upande wa baba walitoka Ireland sehemu gani. Akatutumia picha ya skrini ya orodha ya abiria wa meli: Patrick Murphy, miaka 22, kibarua, kashuka New York mwaka 1851. "Si huyu hapa? Nimempata mwenyewe, tena bure. Ninyi mnanidai ya nini?"

Tumemjibu kwa simu, lakini kwa kuwa hajaanza yeye wala hatamaliza yeye, tujibu na hapa.

Orodha za abiria ni bure, kweli, na sisi hatuuzi orodha. Marekani ilianza kuwadai manahodha orodha hizo mwaka 1820, na kwa zaidi ya miaka sabini karatasi hiyo iliyokabidhiwa forodha haikuwa na mengi: jina, umri, jinsia, kazi, nchi atokayo na nchi aendako. Kwa mtu wetu huyu, nchi ni Ireland, basi. Kaunti haipo, parokia haipo, seuze kitongoji, na vitongoji vya Ireland vinapita 60,000. Murphy ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi kule. Umri wenyewe mara nyingi ulikuwa wa kukisia. Sasa utasemaje huyo kibarua ni wako na si wa jirani?

Ndiyo maana tunaanzia babu yako alikofia na kurudi nyuma. Cheti cha kifo, kisha sensa (ya 1900 inauliza mwaka wa kuingia nchini), kisha daftari la ndoa la kanisa pamoja na majina ya mashahidi, maana mashahidi mara nyingi ni ndugu au watu wa kwao. Karatasi za uraia za kabla ya Septemba 1906 huwa kavu. Za baada ya hapo zinataja meli na tarehe. Kwa walioishi New York kuna vitabu vya benki ya Emigrant Savings, iliyofunguliwa 1850, ambavyo karani aliandika mteja kazaliwa wapi, kaja na meli gani, nduguze ni nani. Huku Boston tunapekua gazeti la The Pilot, lililochapisha matangazo ya watu wanaotafutana kuanzia 1831 hadi 1921. Tangazo moja la namna hiyo linaweza kukupa parokia ambayo meli mia zisingekupa.

Njia ya mkato ni kuchukua jina la kwanza linalofanana. Kaka mmoja alikuwa anamtafuta Delia, bibi wa mama mkwe wake. Akapata Delia mmoja aliyeshukia Philadelphia, akafurahi, akakata tiketi za familia nzima, wakaenda Galway, Ireland, wakapiga picha kwenye magofu ya kanisa. Walipotuletea kazi "tumalizie tu", daftari la ndoa likasema Bridget. Wanawake wengi wa Kiairishi waliobatizwa Bridget waliitwa Delia nyumbani. Bridget wetu alishukia Boston baada ya sheria ya 1893, iliyoongeza safu ya ndugu unayemfuata na anwani yake, na pale karani ameandika dada yake, mtaa na namba ya nyumba ile ile tuliyoiona kwenye sensa. Kwao ni kaunti ya Mayo, si Galway. Nauli ya Galway ingetulipa sisi mara kadhaa.

Wala si wateja tu wanaokosea hivyo. Annie Moore wa Cork, Ireland, mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji bandarini New York, tarehe 1 Januari 1892, aliyekuja na meli Nevada pamoja na wadogo zake wawili wa kiume, alichanganywa kwa miaka mingi na mwanamke mwenye jina hilo hilo aliyefia Texas. Huyo wa Texas alizaliwa Illinois! Ilikuwa 2006 ndipo mtafiti Megan Smolenyak alipoonyesha kuwa Annie mwenyewe hakuwahi kuhama New York, na alifia huko mwaka 1924.

(Na ile hadithi ya maafisa wa Ellis Island kubadilisha watu majina, tafadhali, si kweli. Orodha ziliandikwa na makarani wa kampuni za meli kabla ya safari.)

Lipo pia la kurudishiwa pesa meli isipopatikana. Haturudishi. Wengi, hasa mwaka wa njaa wa 1847, walipitia Quebec, Kanada, kwa sababu nauli ilikuwa nafuu, kisha wakavuka kuingia Marekani bila kuandikwa. Orodha za Quebec zimebaki kuanzia 1865. Za mpaka wa Kanada na Marekani zinaanza 1895. Kuthibitisha kwamba orodha haipo ni kazi ile ile, saa zile zile.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, tutumie cheti cha kifo, jina la kanisa walikofungia ndoa, na majina ya kaka na dada zake wote unaowajua. Malipo ya kwanza yanagharimia hatua ya nyaraka za Marekani peke yake. Ukitaka tuishie hapo tunaishia hapo, na nakala zote ni zako.