Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uingereza: Nishani ya Luteni Usu Walter Tull

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nimepokea juma hili jibu la ofisi yako, la tatu sasa, la kukataa ombi langu kwamba Walter Tull apewe Military Cross, nishani ya ushujaa ya jeshi la Uingereza, ambalo halitofautiani na la kwanza ila kwa tarehe, na kwa kuwa safari hii marehemu ameitwa Hull.

Niruhusu basi nikukumbushe ni nani. Walter Tull, yatima aliyelelewa katika kituo cha watoto London, baba yake akiwa mtu wa Barbados, aliingia klabu ya soka ya Tottenham Hotspur mwaka 1909, akatukanwa uwanjani Bristol kwa ajili ya rangi yake, kisha akaichezea Northampton Town zaidi ya mechi 100. Desemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alijiunga na batalioni ya wanasoka. Mei 1917 akawa ofisa, ingawa kanuni zilitaka maofisa wawe wenye asili ya Ulaya tupu. Nadhani vita vilikuwa vimekwisha kuwamaliza waliotakiwa. Huko Italia aliwaongoza askari 26 kuvuka mto Piave usiku, akawarudisha wote salama, na jenerali wake akamsifu kwa ushujaa na utulivu wake. Tarehe 25 Machi 1918 aliuawa Ufaransa akiwa na miaka 29. Askari Billingham, aliyewahi kuwa golikipa, alijaribu kuurudisha mwili wake chini ya risasi akashindwa, na hadi leo Tull hana kaburi linalojulikana, ana jina tu kwenye ukuta wa kumbukumbu mjini Arras, Ufaransa.

Mnaniambia kuwa enzi hizo Military Cross haikutolewa kwa wafu. Lakini ofisa mwenzake alimwandikia kaka yake Edward kwamba Walter alikuwa ameshapendekezwa, yaani alipendekezwa akiwa hai! Kilichoikwamisha nishani nahisi ni rangi ileile iliyozomewa Bristol. Mwaka 2018 wabunge zaidi ya 120 waliiombea, nayo bado haijatoka. Sura yake imepata nafasi kwenye sarafu ya pauni 5. Kifuani nishani hiyo bado haipo.

Mimi nafanya zamu za usiku, na Jumamosi, kabla sijalala, nafundisha mpira vijana ambao kila mara huniuliza Waziri amejibu nini. Nimechoka kuwasomea barua ileile, Mheshimiwa, na macho yao yamenichosha zaidi.

Siombi sanamu wala hotuba. Naomba nishani, ikabidhiwe kwa ndugu zake. Nishani tu. Na katika jibu la nne, tafadhali, jina lake ni Tull.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa mpira wa vijana