Barua ya wazi kwa wanachama wanaoomba mkopo wa kusomea MBA mtandaoni

Wanangu,

Katibu wa kamati yetu ya mikopo ameniletea fomu kumi na moja ili nitoe maoni yangu kabla ya kikao. Wengi wenu niliwaona mkiingia kazini kwa mara ya kwanza, na nyote mnaombea jambo moja, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara kwa njia ya mtandao. Kwenye nafasi ya maelezo, tisa kati yenu mmeandika maneno yanayokaribiana sana: "nitasoma kwa muda wangu." Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Nimeona ni afadhali niwaandikie wote kwa pamoja, na wengine walio njiani kuomba wasome, kuliko kumwita mmoja mmoja na kurudia yale yale.

Kwanza niwaondoe hofu. Sipingi masomo ya masafa, na ningekuwa mtu wa ajabu kuyapinga, maana shahada yangu ya kwanza niliipata hivyo hivyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na mimi nilikuwa miongoni mwa watumishi waliokikimbilia katika miaka yake ya mwanzo, nikiwa mhasibu hapa Tanga, nina mke na watoto wawili. Wala jambo lenyewe halikuanzia kwetu: Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wa nje tangu mwaka 1858, na Nelson Mandela alitunukiwa shahada yake ya sheria na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba shahada ya mbali ni shahada ya bandia, msibishane naye sana.

Ila katika mwaka wangu wa kwanza nilifeli masomo mawili, na sikuwa na wa kumlaumu. Nami nilikuwa nimejiambia kwamba nitasoma kwa muda wangu. Vitabu nilivipanga juu ya kabati, nikavifuta vumbi kila Jumamosi kama mtu anayetunza kombe la mashindano, na nafasi ya kuvifungua ikawa haitokei. Mke wangu ndiye aliyekuja kuniuliza siku moja, bila ukali, "Huo muda wako uko saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo ninalowauliza nyinyi leo, na nitaomba mlijibu kwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika vyuo vya Uingereza, ambako watatu wenu mmeomba, shahada ya uzamili hupimwa kwa krediti 180, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa kumi za kazi ya mwanafunzi, yaani kusikiliza mihadhara, kusoma, kuandika na kujiandaa kwa mtihani. Jumla ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka miwili bila kupumzika hata wiki moja, ni zaidi ya saa 17 kila wiki. Ukizigawa kwa miaka mitatu, ni kama saa 11 na nusu. Sasa chukueni wiki yenye saa 168. Ondoeni saa 45 za kazi, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha sheria yetu ya ajira, ingawa najua wengi wenu mnazidisha; ondoeni saa saba za usingizi kila usiku; na mnaoishi Dar es Salaam ondoeni saa mbili za barabarani kwa siku sita. Zinabaki saa 62. Humo ndimo mnamokula, mnamooga, mnamosali, mnamozika na kuozesha, mnamoangalia daftari la mtoto wa darasa la tatu, na mnamomsikiliza mwenzi wenu. Saa 17 zitatoka humo, na kila moja ina mwenyewe. Ndiyo maana nasema neno "muda wangu" si la kweli: muda huo ni wa watu wengine, nanyi mnawaomba wawakopeshe. Mkopo wa kamati una riba inayojulikana. Mkopo huu wa pili hauna mkataba, na mara nyingi anayekopesha hata haulizwi.

Wanne kati yenu mmeelekea Marekani, nami naelewa kwa nini. Chuo Kikuu cha Illinois kilianza mwaka 2016 kutoa MBA nzima kupitia Coursera, jukwaa la masomo ya mtandaoni, kwa ada ambayo wakati huo haikufika dola 25,000, na Chuo Kikuu cha Boston kikafuata mwaka 2020 kwa dola 24,000. Ni fedha nyingi kwa mshahara wetu, lakini ni sehemu ndogo ya gharama ya kwenda kukaa kule. Wala si masomo ya pembeni, kwani Illinois walitangaza mwaka 2019 kuwa wataacha MBA yao ya darasani na kuipa nguvu hii ya mtandaoni. Shaka yangu iko kwenye saa. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa kumi na mbili jioni kwa saa za Chicago, hapa kwetu ni saa tisa usiku wakati wa baridi yao, na ni saa nane usiku wakati wa kiangazi chao, kwa sababu wenzetu hao husogeza saa zao mbele mwezi Machi na kuzirudisha nyuma Novemba ilhali sisi hatugusi. Kazi inayotakiwa kuwasilishwa Jumapili dakika moja kabla ya usiku wa manane wao, kwenu itafungwa Jumatatu asubuhi, dakika moja kabla ya saa tatu au kabla ya saa mbili kutegemea msimu, mkiwa tayari mezani mwa mwajiri. Mihadhara iliyorekodiwa mtaiangalia mnapotaka, hilo ni kweli; kazi za kikundi hazisubiri. Mwenzako aliye Toronto hatajua kwamba Luku, umeme wetu wa kulipia kabla, imekwisha, wala hapaswi kujua. Anayetaka usiku wa kawaida aangalie vyuo vya hapa nchini, au vya Uingereza, ambako saa kumi na mbili jioni yao haivuki saa tatu usiku yetu.

Na kwa kuwa nimeitaja Luku, niseme pia habari ya intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na nchi yetu ikakaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua. Kijana mmoja wa hapa mtaani alikuwa na mtihani wiki hiyo hiyo. Alisalimika kwa sababu alikuwa amewaandikia walimu wake mapema, siku ya kwanza tu mtandao uliposumbua, akaambatisha taarifa za habari kuhusu tatizo lenyewe. Aliyengoja mpaka muda upite ndipo ajieleze, hakusikilizwa. Pakueni mihadhara mnapopata bando, msitegemee kuiangalia usiku wa mwisho.

Sasa ithibati, yaani chuo kutambuliwa rasmi, na hapa sina subira. Fomu moja imetaja chuo ambacho sikitaji, chenye tovuti nzuri, kinachoahidi MBA kwa miezi minne na kupunguza ada kwa atakayelipa kabla ya Ijumaa. Mwanangu uliyeijaza fomu hiyo unajijua. Chuo kinachoharakisha malipo namna hiyo kinauza karatasi. Kabla hujatuma hata shilingi moja kwa chuo cha nje, waandikie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania uulize kama tuzo ya chuo hicho, kwa njia hiyo hiyo ya mtandao, itatambuliwa, na jibu ulipate kwa maandishi. Wenzetu wa Kenya na Uganda nao wana mamlaka zao za elimu ya juu. Juu ya hapo ziko taasisi zinazokagua shule za biashara zenyewe, kama AACSB ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1916 na AMBA ya Uingereza ya mwaka 1967. Muhuri wao ni jambo jema, lakini hauchukui nafasi ya utambuzi wa Tume, na chuo kizuri cha hapa nyumbani kinaweza kukufaa bila kuwa nao. Mnakumbuka mwezi Aprili 2017, watumishi wa umma 9,932 walipotajwa katika orodha ya vyeti vya kughushi. Vile vilikuwa vya sekondari na vya ualimu, si vya uzamili, lakini mimi niliona watu wazima wakifungasha vitu vyao vya mezani ndani ya katoni, na sitaki fedha za chama chetu zigharimie katoni nyingine.

Kuna la aibu kidogo ambalo lazima niliseme. Wapo watu mjini wanaoandikia wengine kazi za chuo kwa malipo, mpaka tasnifu nzima, na siku hizi wapo wanaoiachia akili mnemba iandike wao wakiwa wamelala. Siwahubirii. Natazama kama mhasibu: umekopa, umelipa ada, umewanyima watoto wako Jumamosi zao, halafu kile ulichokwenda kununua unamlipa mtu mwingine akichukue. Siku mkurugenzi atakapokuwekea mezani taarifa ya mtiririko wa fedha na kukuuliza kwa nini kampuni ina faida lakini haina senti ya kulipa mishahara, yule aliyekuandikia hatakuwepo. Fanyeni kinyume chake. Kila somo mnalofundishwa, lileteni kwenye ofisi yenu wiki hiyo hiyo: mkisoma gharama, kokotoeni upya bei ya bidhaa moja mnayoiuza, mkisoma masoko, kaeni asubuhi moja na wateja dukani. Mimi kanuni nilizozitumia kazini bado ninazo kichwani, na nyingine zote nilizirudishia mtihani.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Mnakopa kwa shilingi na ada ni ya dola, na mwaka 2023 mliona dola ilivyoadimika. Chagueni chuo kinachoruhusu kulipia somo moja moja, ombeni mkopo wa awamu ya kwanza tu, na kamati itatoa awamu ya pili baada ya kuona matokeo ya ya kwanza. Mwajiri naye aulizwe. Baadhi huchangia ada, lakini someni mkataba wa kubaki kazini kabla ya kuweka sahihi.

Mke wangu alinipangia saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili, siku tano za wiki, naye akachukua kazi ya kuwaandaa watoto kwenda shule, kazi iliyokuwa yangu. Jumapili haikuguswa. Nilimaliza nikiwa nimechelewa mwaka mmoja, na siku ya mahafali nilivaa joho kwa haya kidogo, nikijua saa nyingi za lile joho zilikuwa zake.

Kwa hiyo fomu zenu sijazikataa, na sijazipitisha. Nimemrudishia katibu zote kumi na moja, kila moja ikiwa na karatasi tupu niliyoipigia mistari ya siku saba na saa ishirini na nne. Jazeni humo mtasoma lini, kwa saa zetu za hapa, na kila saa mnayoichukua andikeni ilikuwa ya nani. Mwenye mwenzi, mwenzi aweke sahihi chini. Anayeishi na wazazi, mama aweke. Anayeishi peke yake aniletee mimi nimuulize maswali. Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa chama. Njooni na hao waliosaini, chai itakuwepo, na ningependa kuwasikia wao kwanza.

Mimi mzee wenu,
mwenyekiti mstaafu wa kamati ya mikopo, Tanga