Mdogo wangu, salio sio faida

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zako za kwenye grupu nimezipata na ile voisi yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa nahesabu dazeni dukani na ya pili usiku nimeshanyoosha miguu, nikaona bora nikujibu huku hadharani maana kule kwenye grupu shangazi ataanza kutupia stika za maombi na mada itafia hapohapo. Jina lako silitaji usijali, na hata ungekuwa unasoma ukiwa ofisini hakuna atakayejua ni wewe.

Kwanza hongera tena kwa kazi. Tangu umeingia huko Mamlaka ya Mapato, TRA, mama anatembea kifua mbele mtaa mzima, hata muuza genge anajua. Ila ile kauli yako, kwamba mtu akidaiwa kodi hela yake ichukuliwe benki moja kwa moja popote ilipo na asiletewe maneno mengi, imenikaa kooni kama mwiba wa perege. Na ulivyomalizia sasa, eti "mimi mshahara wangu unakatwa kabla sijauona, nyie wafanyabiashara mnataka mpigiwe magoti?"

Hapo kwenye mshahara una hoja, sikatai. Mwajiriwa hana pa kukimbilia, PAYE, ile kodi ya mshahara, inakatwa juu kwa juu. Na usidhani najifanya malaika, mimi na wewe tunajua Kariakoo kuna bei mbili, ya na risiti na ya bila risiti, na mwaka wangu wa kwanza kwenye hii fremu mteja akiniambia "dada achana na mashine nipunguzie" nilikuwa naachana nayo. Kuna watu wanauza kontena zima risiti inasoma laki mbili. Hao wapo, na wanatuumiza sisi tunaotoa risiti kuliko wanavyokuumiza wewe, kwasababu mimi na 18% ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, juu siwezi kushindana nae bei.

Lakini hebu njoo upande huu wa kaunta kidogo. Jana saa kumi na mbili jioni nimefungua programu ya benki kwenye simu, salio linasoma milioni 23 na laki nne. Mtu wa ofisini akiona hiyo namba anasema huyu mama ana hela. Sasa nikachukua daftari langu, lile kubwa jekundu unalolicheka, nikaanza kupiga mstari. Milioni 9 na laki mbili ni ya mteja wangu wa Lubumbashi, katuma nimkusanyie nguo za watoto, nusu ya mzigo nachukua kwa majirani maana mimi sina zote. Milioni 6 na nusu ni mali kauli, nimepewa mzigo kwa mdomo tu, hakuna karatasi, naulipa Jumatatu asubuhi na nisipolipa hiyo Jumatatu sikopeshwi tena mtaa mzima wa Kongo. Milioni 3 ni kodi ya fremu, kodi ya mwenye nyumba hiyo, sio ya kwenu, Kiswahili nacho kimetuonea kutupa neno moja kwa maumivu mawili. Marejesho ya mkopo milioni moja laki nane na nusu. Vijana wangu wawili laki saba. VAT ya kupeleka kabla ya tarehe 20, milioni moja laki mbili na arobaini, hiyo ni ya serikali tayari, mimi nimeishika tu mkononi. Nikapiga mstari wa mwisho, ikabaki laki tisa na elfu kumi. Hiyo ndo yangu mdogo wangu, kwenye milioni 23, na humo ndo itoke ada ya mwanao yule wa darasa la sita.

Sasa ile notisi ya uwakala mnayoiita ajensi notisi, inavyokwenda benki haijui daftari jekundu. Inasema huyu anadaiwa, benki we ndo wakala wetu, leta. Na benki haina ubishi maana isipoleta inageuka yenyewe ndo mdaiwa. Meneja wa tawi hata kama tunasalimiana kila siku hawezi kukupigia kwanza akuulize "dada hii ya Lubumbashi tuiache?" Inazolewa. Na siku inazolewa wa kwanza kuumia sio mimi, ni yule mteja ambae hajawahi kukanyaga ofisi ya kodi ya Tanzania, alafu ni huyu kijana wangu anaefungua duka saa moja kasoro.

Utaniambia deni ni deni, angelipa mapema. Haya twende kwenye hilo deni, maana mshahara wako na makadirio yangu ni vitu viwili. Wewe mshahara unajulikana, we mwenyewe na mwajiri mnaukubali, hakuna anaebisha. Mimi anakuja mtu anakagua anasema nadhani uliuza milioni 400, mi nasema niliuza 260, hapo bado hakuna deni kuna ubishi. Sheria yetu ya usimamizi wa kodi ya 2015 inanipa siku 30 kuweka pingamizi, sawa, lakini ili pingamizi lipokelewe naweka kwanza theluthi moja ya ile kodi mliyokadiria, au ile sehemu nisiyoibishia, ipi kubwa. Yani ukinikadiria milioni 60 natakiwa niwe na milioni 20 taslimu ndo nisikilizwe. Kamishna anaweza kunipunguzia au kunisamehe hiyo nikiwa na sababu nzuri, ipo kwenye sheria, ila ni mpaka yeye aone. Nikishindwa, pingamizi halipo, deni limeiva, na likishaiva mlango wa benki uko wazi. Kwahiyo mtu anaweza kuchukuliwa hela kwa namba ambayo hakuna mtu wa tatu amewahi kukaa akaitazama, Bodi ya Rufani za Kodi haijaiona, jaji hajaiona, kaitazama alieiandika tu. Mchezaji na refa wamevaa jezi moja.

Na mi nikwambie kitu ambacho sijawahi kukisema kwenye familia. Miaka kadhaa nyuma nililetewa barua ya makadirio, bahasha ya kaki. Niliipokea kwa mkono wangu, nikasaini, nikaiweka nyuma ya ile kalenda ya msikiti pale ukutani nikasema nitaifungua nikitulia. Sikutulia. Kila nikiitazama tumbo linakata, nageuka nahudumia mteja. Nilikuja kuifungua siku ya 34. Kosa langu mia kwa mia, sina wa kumlaumu, nikaenda nikakaa kwenye benchi nikakubaliana kulipa kwa awamu na nilimaliza zote. Nakwambia hivi ujue sio kila aliekaa kimya anakimbia, wengine tunaogopa bahasha tu. Simu moja ya "dada ile barua umeisoma?" ingenitoa nyuma ya kalenda wiki ya kwanza.

Alafu msidhani hili nalisema mimi muuza nguo peke yangu. Rais Samia mwenyewe Aprili 2021, hata mwezi haujaisha tangu aapishwe, aliwaambia TRA hadharani waache kodi za dhuluma na hii tabia ya kwenda kuchukua pesa kwenye akaunti za watu kwa nguvu kisa tu sheria inaruhusu. Tulishangilia huku, watu walikuwa wanarushiana ile klipu. Na makusanyo hayakufa, Desemba ya mwaka huohuo TRA walitangaza zaidi ya trilioni 2.5 kwa mwezi mmoja. Sawa, Desemba huwa kubwa kila mwaka na corona ilikuwa imeanza kuachia, sitaki kudanganya kwamba ni kauli ndo ilileta hela. Ila ile hofu kwamba mkiacha kuzoa benki serikali italala njaa, mi sikuiona.

Kilichonibakia moyoni ni kwamba ile ilikuwa kauli. Sheria iko palepale. Kauli inaishi kwa hisani ya alieitoa, akija mwingine na lengo la mwezi halijatimia, kitabu kinafunguliwa ukurasa uleule. Mei 15 mwaka 2023 tulipofunga maduka Kariakoo mpaka Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaja kutusikiliza Mnazi Mmoja, kelele nyingi zilikuwa za kamatakamata na usajili wa stoo, tukatulizwa, na Juni 2024 tukafunga tena na safari hiyo mpaka mikoani. Kauli ingekuwa inatosha tusingefunga mara mbili.

Waingereza wana madaraka hayohayo unayoyataka, walijipa mwaka 2015. Lakini ona walivyoyafunga kamba: lazima afisa aende akuone uso kwa uso kwanza, deni liwe limefika pauni 1,000, wakukute umeshamaliza muda wako wa kukata rufaa, wakichukua wakuachie angalau pauni 5,000 kwenye akaunti zako, na hela ikishashikwa una siku 30 za kupinga kabla haijaondoka. Marekani nao benki ikipokea hati ya watu wa kodi inaishikilia hela siku 21 kabla ya kuipeleka, ili kama kuna makosa yaonekane. Sasa hao sio watu wapole kwenye kodi, uliza mtu yeyote anaeishi huko.

Mimi sisemi muondolewe hayo madaraka. Kuna jizi limeshashindwa rufaa zote na lina majumba, nendeni mkachukue na mimi nitawaonyesha njia. Na kama mnaona mtu anahamisha hela usiku akimbie nchi, mkimbilieni hakimu awape amri siku hiyohiyo, mbona polisi wanapata hati ya upekuzi. Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria, sio kwenye hotuba, ni kwamba ubishi uishe kwanza, nipigiwe mimi kabla ya benki, na kuwe na kiasi kisichoguswa cha mishahara ya vijana na cha hela ambayo naweza kuonyesha sio yangu. Siku 21 tu zingetosha mtu akaja na daftari lake.

Maana msipofanya hivyo nitakwambia nini kinatokea, na hiki hamkioni kwenye kompyuta zenu. Hela inahama. Unakumbuka tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, watu walivyorudi kutuma hela kwa makondakta kwenye bahasha mpaka serikali yenyewe ikapunguza kwa asilimia 30 mwezi wa tisa? Ndo hivyohivyo. Jirani yangu wa juu anaeuza mashuka hana akaunti ya biashara kabisa, hela inalala kwenye ndoo ya rangi kwake, na ukimuuliza anakwambia "ndoo haipokei notisi." Tulicheka sana. Lakini huyo sasa hamumuoni, hamuoni mauzo yake wala miamala, mmebaki na mimi mjinga mwenye lipa namba, ile ya kulipwa kwa simu, ukutani.

Jumamosi pita dukani kabla hujaenda kwa mama, nitakufungulia hilo daftari uliguse mwenyewe, na ukipita sokoni mchukulie mama mchele, asikudanganye mtu kwamba upo. Dai risiti.

Niishie hapa, Lubumbashi anapiga, anataka kujua mzigo wake umeshafungwa au bado.

Dada yako