Kabla hujatuuliza bei ya olaparibu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia katika duka letu la dawa hapa Chake Chake, simu mkononi. Alikuwa na picha ya boksi la olaparibu (dawa ya saratani) aliyotumiwa na jamaa yake aliyeko Maskati. "Daktari, mama ana kensa ya kifua. Tuagizieni hii, bei yoyote."

Nikamuuliza: "Mwanangu, ya ziwa au ya mapafu?" Akanyamaza.

Kwetu sisi kifua ni yote mawili, lakini kwa dawa hii tofauti ni kubwa. Marekani iliikubali mwaka 2018 kwa saratani ya ziwa iliyosambaa, na mwaka 2022 kwa ile ya hatua za mwanzo yenye hatari kubwa ya kurudi. Mara zote mbili, ni kwa mgonjwa aliyerithi hitilafu katika BRCA, jeni zinazosaidia kutengeneza vinasaba vilivyopasuka, na ambaye uvimbe wake hauna wingi wa HER2, protini inayochochea seli kukua. Kwa mapafu bado si tiba ya kawaida.

Kwa nini jeni? Fikirieni dau. Likivuja, huokolewa na upo wa kufulia maji baharini, na kalafati ya fundi wa pwani. Vinasaba vya seli navyo, vyenye nyuzi mbili zilizosokotana, hupasuka kila siku. Kimeng'enya kiitwacho PARP hushughulikia mipasuko midogo, ya uzi mmoja. Kikizuiwa, mipasuko hiyo huwa mikubwa, ya nyuzi zote mbili, na hapo ndipo BRCA inapohitajika. Seli ya saratani iliyopoteza BRCA haina kalafati, inaishi kwa upo tu, yaani PARP. Olaparibu huuchukua ule upo, dau likazama. Seli nzima bado zina kalafati yao. Jambo hili lilioneshwa maabara mwaka 2005, na mimi kila nikilieleza hulistaajabia upya.

Basi asiye na hitilafu hiyo anaweza kuambulia kichefuchefu, uchovu na upungufu wa damu, na pesa za familia zimekwisha.

Jioni kijana alirudi na mkoba wa ukili umejaa karatasi za hospitali. Tulizikunjua moja moja juu ya kaunta. Ilikuwa ya ziwa, HER2 hasi. Kipimo cha BRCA hakikuwahi kufanyika. Nikamwandikia swali moja ampelekee daktari bingwa wa mama yake: je, apimwe BRCA? Ni kipimo cha damu tu.

Olaparibu hatuiweki dukani, wala hatumwagizii mtu bila cheti cha daktari bingwa. Tunachofanya, bila malipo, ni kusoma majibu pamoja nanyi na kupitia dawa zote anazotumia mgonjwa, za miti shamba zikiwemo. Baadhi ya dawa za fangasi na antibaotiki huizidisha olaparibu mwilini, na balungi pia. Aliyekwisha kuandikiwa humeza vidonge vizima asubuhi na jioni, na mwaka wa kwanza damu yake ipimwe kila mwezi. Miadi hiyo tutakukumbusha kwa simu.

Hitilafu ya BRCA hurithiwa kwa baba kama kwa mama. Kijana yule ana dada wawili. Nimemwambia, majibu ya mama yakionesha hitilafu, aje nao.

Kwa mazungumzo haya njooni baina ya alasiri na magharibi. Duka huwa limetulia, na kiti cha mgonjwa kipo.